Kabla hujachapa QR, jiulize anwani iliyomo ni ya nani

Ikifika Aprili hapa Arusha, simu zetu sisi tunaobuni matangazo hazipoi. Maonyesho ya Karibu-KiliFair ni Juni, msimu wa wageni unafuata, na kila kampuni ya utalii inataka brosha, kadi, mabango ya kusimama na stika za milango ya Land Cruiser. Siku hizi karibu kila oda inamalizikia na maneno yaleyale: "Halafu niwekee na QR pale pembeni." Ukiuliza inampeleka mtu wapi, unaambiwa weka tu, tutajua mbele ya safari.

Kwa anayechapa kwa wingi, ushauri wangu ni huu: weka QR ambayo unaweza kuibadilisha inakoelekea, na anwani iliyomo ndani yake iwe ya domeni (jina la tovuti) yako mwenyewe. Nusu ya kwanza utaisikia kwa kila mtu. Ya pili watu huijua wakishalipia uchapaji.

QR yenyewe, ikishachapwa, haibadiliki. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na vile vijiraba vyeusi na vyeupe ni maandishi tu yaliyopangwa kwa namna ambayo kamera inayasoma. Inayoitwa QR ya kubadilika ina ujanja mmoja: ndani yake kuna anwani fupi. Simu inaifungua, seva, yaani kompyuta iliyoko mtandaoni, inaipokea, kisha inampeleka mtu kwenye ukurasa unaoutaka wewe. Kesho ukitaka aende kwingine, unabadilisha kwenye seva na karatasi inabaki vilevile.

Faida yake kwa biashara za huku haihitaji maelezo mengi. Ada za hifadhi zikipanda, bei ya kupanda mlima kwa njia ya Machame au Lemosho iliyoko kwenye brosha inageuka uongo siku hiyohiyo. Namba ya WhatsApp inahama na mfanyakazi aliyeacha kazi. Akaunti ya Instagram inadukuliwa. Ukiwa umechapa QR inayokwenda moja kwa moja huko, brosha zilizobaki stoo unafungia maandazi.

Sasa hiyo seva ya katikati ni ya nani? Mteja wangu mmoja wa Moshi, mama anayekaanga na kufungasha kahawa yake mwenyewe, alikuja kwangu akiwa na lebo nyingi alizokwisha kuzichapisha. QR alikuwa ametengenezewa na kijana mmoja kwenye tovuti ya bure, na mwanzoni ilifanya kazi vizuri kabisa. Muda wa majaribio ulipoisha, kila aliyeskani pakiti alikuta tangazo la tovuti ile likisema msimbo umesitishwa, lipia ili uendelee. Bei kwa dola, kila mwezi, na akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana ambaye simu yake haipatikani. Tuliishia kuchapa vistika vidogo vya kufunika ile ya zamani. Jioni moja nilimkuta yeye na binti zake wamezunguka meza ya chakula, wanabandika kimoja kimoja, wanakisugua kwa kucha ya kidole gumba kisije kikabanduka kikifika kwenye rafu za duka. Lebo zilikuwa zake, lakini anwani ndani ya zile QR ilikuwa ya watu asiowajua, na kwenye jambo hili anwani ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo sajili domeni, .co.tz au nyingine uipendayo, kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Sio ya fundi, hata kama ni mtoto wa dada. Kisha mwambie fundi akutengenezee njia fupi ndani yake: /k1, /k2, /k3, kila aina ya karatasi na yake. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa anayejua. Sisitiza jambo moja: uelekezaji uwe wa muda, ule wa namba 302, usiwe 301. Namba 301 inaiambia simu kwamba anwani imehama kwa kudumu, nayo simu inaweza kukumbuka hivyo. Ukibadilisha baadaye, mteja wa zamani ataendelea kupelekwa kulekule kwa zamani na wewe utabaki unashangaa. Na domeni ilipiwe kila mwaka bila kukosa, kwa sababu ikikatika, karatasi zako zote zinakufa pamoja.

Anwani fupi ina faida nyingine ambayo wateja wangu huwa hawaitegemei: QR inasomeka kirahisi zaidi. Maandishi yakiwa mengi, vijiraba vinaongezeka na vinazidi kuwa vidogo. Jina la domeni lisilozidi herufi tisa, likifuatwa na .co.tz/k1, pamoja na ile https ya mbele, linaenea kwenye gridi ya vijiraba 25 kwa 25 kwa kiwango cha M cha kusahihisha makosa, yaani hata asilimia 15 hivi ya msimbo ikichafuka bado unasomeka. Ukiweka kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, herufi zinafika mia na gridi inapanda hadi 41 kwa 41. Kwenye kadi, QR ya sentimita mbili, hiyo ni tofauti ya kijiraba cha milimita 0.8 na cha chini ya nusu milimita. Weka vumbi la Arusha juu yake, weka simu yenye kioo cha kamera kilichokwaruzika, utaona mwenyewe.

Kuna mengine ya uchapaji nayataja harakaharaka. Acha nafasi nyeupe kuzunguka QR, upana wa vijiraba vinne kila upande, hata kama unaona inaharibu "dizaini". Rangi nyeusi juu ya nyeupe. Ukizigeuza, baadhi ya simu hazisomi. Bango la kusomwa na mtu aliye mita mbili linataka QR ya sentimita 20 hivi. Faili la kwenda kwa mchapaji liwe PDF au SVG, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokyumenti. Ukilituma kama picha linabanwa, kingo za vijiraba zinafifia, halafu lawama anabeba mchapaji. Kabla ya kuruhusu kazi nzima itoke, omba karatasi moja iliyochapwa kweli, tena yenye lamineti kama itakuwa nayo, uiskani kwa simu ya bei rahisi chini ya taa na nje juani. Mng'ao wa lamineti umeua QR nyingi zilizokuwa safi kabisa kwenye kompyuta.

Sio kila QR inapaswa kuwa ya kubadilika. Ile ya Wi-Fi kwenye chumba cha loji iwe ya kawaida, yenye jina la mtandao na nywila humohumo. Mgeni anaiskani kwa sababu hana intaneti. Ukimpitisha kwenye seva kwanza, atafikaje?

Halafu andika chini yake inafanya nini. Watanzania wengi wakiona QR dukani wanajua ni ya kulipia, kwa sababu ya Lipa Namba na TANQR, ile QR ya malipo ya kitaifa. Nimeona mteja anafungua programu ya pesa ili askani QR ya menyu, inagoma, anaudhika, anaweka simu mfukoni. Maneno mafupi kama "Skani uone bei za sasa" yanatosha, na chini yake anwani yenyewe kwa herufi za kusomeka, kwa yule ambaye kamera yake imekataa. Usiiweke bega kwa bega na ile ya malipo. Zilizo hadharani uzipitie mara kwa mara kwa kidole, maana mtu akibandika stika yake juu ya yako, wateja wako wanapelekwa kwake.

Huko wanakopelekwa kuwe na ukurasa mwepesi. Brosha ya PDF yenye picha nzito za simba inamaliza bando la mtu kabla hajaona bei, na kwenye mtandao dhaifu haifunguki kabisa.

Zile /k1, /k2 na /k3 zote zinaweza kwenda ukurasa mmoja, ila seva inahesabu kila moja peke yake. Kuskani sio kununua, hilo lieleweke, lakini walau unajua karatasi ipi inaguswa. Mama wa Moshi alikuwa anaamini bango lake la maonyesho ndilo linaloleta watu. Hesabu zilionyesha wanaoskani ni walioko nyumbani, pakiti mkononi, na bango karibu halina mtu. Mwaka huu pesa ya bango ameipeleka kwenye lebo zenye QR kubwa zaidi.