Hii "kumbe" ni ya nani?

Hadithi fupi ya kwanza niliyompelekea mhariri ilimhusu mama mshonaji na mwanawe wa miaka 9. Mtoto anarudi kutoka madrasa, anakuta cherehani haipo barazani. Mama ameiuza ili apate ada ya shule. Niliiandika kwa nafsi ya tatu bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu hadithi zote nilizokua nazo, tangu za "Paukwa! Pakawa!", zilikuja kwa sauti hiyo ya mtu anayejua kila kitu.

Karatasi zilirudi zikiwa na duara moja tu la wino mwekundu, ukurasa wa pili, kwenye neno "kumbe". Pembeni palikuwa na swali: "Hii kumbe ni ya nani?"

Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: "Bakari aliingia barazani. Kumbe mama yake alikuwa ameshaiuza cherehani." Lakini ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeshamwonyesha mama akihesabu noti za mnunuzi. Msomaji alijua, mama alijua, msimulizi alijua. Aliyekuwa hajui ni Bakari peke yake, na kichwani mwa Bakari sikuwa nimeingia hata mara moja. Mshangao ule haukuwa na mwenyewe.

Nilimpigia simu mhariri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshamjua mwenye kumbe?"

Nikanyamaza.

"Basi andika tena utakapomjua."

Shuleni tulifundishwa nafsi tatu, na msimulizi maizi, yule anayeingia kila moyo. Ni mafunzo mazuri, nami nayashika mpaka leo. Shida ni kwamba kwa Kiswahili kubadili nafsi ni jambo la silabi moja: aliona, niliona. Ndivyo nilivyofanya. Nikapita hadithi nzima nikiondoa "a" na kuweka "ni", nikapata sentensi kama hii: "Niliingia barazani nikatambua kuwa ugumu wa maisha ulikuwa umemlazimu mama kuuza rasilimali yake pekee." Mtoto wa miaka 9 hasemi hivyo. Nafsi ilikuwa imebadilika, macho yalikuwa yaleyale ya mtu mzima aliyekaa mezani. Unaweza kumpa Bakari aliyekwisha kukua asimulie utoto wake, na ni njia nzuri sana, ila ujue kwamba ndani ya hiyo "ni" wamo watu wawili, mtoto aliyeona na mkubwa anayekumbuka. Kila sentensi inabidi uamue ni yupi kati yao anayezungumza.

Mara ya tatu nilirudi kwenye nafsi ya tatu, lakini nikamfunga msimulizi kwa Bakari, asione asichokiona mtoto:

"Pale ilipokuwa ikikaa cherehani palikuwa na alama nne za kutu sakafuni. Bakari aliweka juzuu yake mkekani, akaita. Mama akaja kutoka uani. Kwenye kanga yake hapakuwa na hata uzi mmoja. 'Umekula?' akauliza."

Tazama neno "akaja". Mama anakuja, kwa hiyo sisi tumesimama barazani pamoja na mtoto. Ningeandika "akaenda barazani", tungekuwa uani na mama, na pengine tungejua anavyojikaza. Na "kumbe" imeondoka kabisa, kwa sababu sasa msomaji anaisema mwenyewe moyoni.

Tangu siku hiyo naamini kwamba katika lugha yetu mtazamo wa msimulizi haukai kwenye nafsi peke yake. Umejificha kwenye vineno tunavyovitumia kutwa bila kuvihesabu. Kuja na kwenda. Hapa na pale. Huyu na yule. Ukiandika "baba alisema eti anasafiri", tayari kuna mtu asiyemwamini baba, na huna budi kumjua mtu huyo. Hata jina ni mtazamo: kwa Bakari yule ni mama, kwa mnunuzi wa cherehani ni mshonaji, kwa jirani ni Mama Bakari. Jambo hili lina faida nyingine, maana "a" yetu haitengi mwanamke na mwanamume. "Akamwambia amfuate" inaweza kumchanganya msomaji kukiwa na watu watatu chumbani. Ukishachagua macho ya mmoja, huyo abaki na "a" yake, wengine waite kama yeye anavyowaita.

Sisemi msimulizi maizi ni kosa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alimtumia katika Rosa Mistika (1971), na msimulizi huyo anawafuata Rosa na baba yake Zakaria hata baada ya kufa. Msimulizi wa nafsi ya kwanza asingefika huko kwa urahisi. Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, mwandishi huyohuyo alimwachia Kazimoto asimulie mwenyewe, nasi tunafungiwa ndani ya fikra zake, hatuna dirisha la kuchungulia nje. Napenda kuzisoma riwaya hizi mbili kwa kufuatana, na kila mwandishi chipukizi anayeniuliza kuhusu nafsi namwambia afanye hivyo kabla ya kusoma kitabu chochote cha nadharia. Kinachoharibu hadithi ni kurukaruka kutoka moyo huu kwenda ule katika aya moja bila mwandishi kujua kwamba ameruka.

Nafsi ya pili naiona inafaa kwenye barua, au ukurasa mmoja wa mtu anayejisuta. Kwa hadithi nzima inachosha.

Ukitaka kujipima, chukua ukurasa ulioandika wiki hii na kalamu ya rangi. Zungushia kila kumbe, kila eti, kila kuja na kila yule, kisha andika pembeni jina la mwenye neno. Palipo na majina mawili ndani ya aya moja, simama hapo. Soma kwa sauti pia, maana sikio hugundua haraka kuliko jicho kwamba mtoto ameanza kusema kama mwalimu mkuu.

Nakala ya nne niliipeleka kwa mkono. Mzee alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akafika wa pili. Akafunua wa tatu, akaendelea kusoma.