Tukitia udongo, plastiki itatoa mafuta mengi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu tunaokota plastiki huku Likoni. Tumeona video ya mtu akichemsha plastiki kwenye pipa la chuma na kupata mafuta ya kutia kwenye bodaboda. Fundi mmoja anasema tukichanganya na udongo mweupe, mafuta yatatoka mengi na safi. Ni kweli? Tuanze?
Kijana wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Plastiki kugeuka mafuta ni kweli kabisa. Ikipashwa moto wa nyuzi 400 hadi 500 pasipo hewa, minyororo yake mirefu ya kaboni hukatika. Lakini pipa hilo msiliwashe.

Nimefanya kazi kiwanda cha mafuta cha Changamwe kabla hakijaacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na hakuna tulichokiogopa kama hewa kukutana na mvuke wa mafuta ya moto. Pipa la kuchomelewa gereji halina vali ya kupunguza presha wala kipimajoto, na likianza kupoa hunyonya hewa kwenye kila mshono. Huo ni mlipuko unaongoja cheche, na nyinyi mmesimama kando yake.

Huyo fundi amesema nusu ya kweli. Madumu na mifuko ikichemshwa bila kichocheo, yaani kitu kinachosaidia plastiki kukatika bila chenyewe kuwa mafuta, hutoa nta nyingi, nayo huganda ndani ya mrija na kuuziba, presha ikapanda. Kichocheo kama zeolaiti, aina ya madini, kina vitundu vidogo mno vyenye asidi, na humo ndani minyororo hukatwa zaidi ikawa mifupi kama ya petroli na dizeli, tena kwa moto mdogo zaidi. Zeolaiti moja iitwayo ZSM-5 kampuni ya Mobil iliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1972. Kaolini, huo udongo mweupe, nayo imejaribiwa maabara ikafanya kazi, hasa ikishatibiwa kwa asidi. Ila kichocheo kikali huzidisha gesi, kwa hiyo mafuta mara nyingi hupungua. Mepesi zaidi, sawa, mengi, hapana. Baada ya muda vitundu hujaa masizi, na kichocheo hakifai tena mpaka masizi yachomwe.

Tazameni pia namba chini ya chombo, inayoonyesha aina ya plastiki. Namba 2, 4, 5 na 6 hutoa mafuta. Chupa za maji, namba 1, hutoa asidi za unga zinazoziba mabomba. Namba 3, PVC, ndiyo mbaya kuliko zote: hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, inayokula chuma na mapafu yenu.

Hata mkifanikiwa, kinachotoka ni petroli, dizeli na nta pamoja. Bila kukitenganisha na kukipima, kitaharibu injini ya mteja, na hiyo petroli iliyomo hushika moto upesi hata ikiwa kwenye dumu.

Namba 2 na 5 zioshwe, zikauzwe kwa wasagaji plastiki. Kuzichoma ni hasara. Mifuko michafu wasiyoitaka ndiyo inayofaa kujaribiwa kwa mafuta, kwenye maabara ya chuo chenye idara ya kemia. Mkienda, pelekeni iliyochambuliwa na kukaushwa, kila namba na gunia lake.