Amplifaya ya Fundi na Amplifaya ya Mamilioni

SWALI: Ndugu Fundi, pokea salamu. Kijana wa hapa kwetu Mikindani amenitengenezea amplifaya ndani ya boksi la deki kuukuu kwa kutumia aisii (kipande kidogo chenye saketi nzima ndani yake) ya LM3886, nami nimeridhika nayo. Shemeji yangu, aliyeleta mashine ya bei mbaya kutoka Dar es Salaam, ananicheka na kudai kwamba kitu kilichochomelewa kibarazani hakifikii hata robo ya chake. Je, ni kweli? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Ndugu msomaji, shemeji yako ana haki ya kujivunia mali yake, ila hiyo robo ameikadiria kwa macho. Mwaka 1999 kampuni ya 47 Laboratory ya Japani ilitoa amplifaya iitwayo Gaincard, ambayo pamoja na boksi lake la umeme iliuzwa kwa maelfu ya dola, na walioifungua walikuta ndani yake aisii ya LM3875, ndugu wa karibu wa hiyo yako, iliyokuwa ikinunuliwa kwa dola chache tu. Tangu hapo mafundi wa majumbani wa nchi nyingi wamekuwa wakiiga saketi ile. Aisii yako, ikipewa volti 28 chanya na 28 hasi, hutoa hadi wati 68 kwenye spika ya omu 4, na huipotosha sauti kidogo kuliko karibu kila spika utakayoifunga.

Tofauti huja kwenye umeme na waya. Usiku, mtaa ukishatulia, punguza sauti mpaka sifuri, kisha sogeza sikio kwenye spika. Ukisikia mvumo kama wa nyuki ndani ya debe, huenda waya wa ethi wa sauti umepitishwa njia moja na ule wa kapasita za umeme (vile vikopo vinavyotunza chaji), nao umeme wetu wa hezi 50, ukishapita kwenye dayodi zinazougeuza kuwa wa upande mmoja, hupiga mapigo 100 kwa sekunde ambayo huingia moja kwa moja kwenye muziki. Mwambie kijana apeleke kila ethi peke yake hadi nukta moja, na aisogeze transfoma mbali na mahali sauti inapoingilia. Ni kazi ya nusu saa, na hapo ndipo kazi nyingi za kibarazani hushindwa.

Jambo jingine ambalo mashine ya shemeji huenda inalo ni rilei ya kulinda spika, yaani swichi inayojikata yenyewe, kwa sababu aisii ikifa vibaya inaweza kumwaga umeme mnyoofu, kama ule wa betri, kwenye koili ya spika na kuiunguza. Usikubali kukaa bila hiyo. Chumvi ya bahari haichagui bei: soketi zikianza kuota ukijani, zisafisheni nyote wawili.

Kuhusu masikio, tahadhari: inayopiga kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, huonekana tamu zaidi. Pigeni mlio mmoja wa hezi 200, mpime kwa testa volti za AC kwenye spika mpaka amplifaya zote mbili zilingane, kisha mtu wa tatu awe anabadilisha waya, mashine zikiwa zimezimwa, huku shemeji akiwa amezipa kisogo. Akiitambua yake mara tisa kati ya kumi, niandikie tena nikushauri cha kubadili kwanza. Nadhani itakuwa transfoma.