Nyanya zimeiva zote na wageni wanaingia Jumamosi

Dada usijitese kufunga nyanya kwenye chupa wiki hiyohiyo wageni wanaingia, we zioshe zikauke zitupie kwenye friza nzimanzima na maganda yake, siku ukizitoa pitisha kwenye maji tu ganda linavuka kama soksi. Wakishaondoka ndo uchemshe chupa zako kwa utulivu. Hiyo juisi ya limao ya kutia kwenye chupa za nyanya uliyouliza kama ni lazima, ndio ni lazima, kijiko kikubwa 1 kwa kila chupa ya nusu lita, na utumie ile juisi ya dukani maana ukali wake haubadiliki. Ila kufunga maharage machanga kwenye chupa bila presha maalumu ya kuhifadhia vyakula (siyo presha kuka ya kawaida) usithubutu, mbegu za vijidudu vya botulizimu, ile sumu kali ya chakula, zinavumilia maji yanayochemka na sumu yake huioni wala huinusi. Na wifi akisema anakuja kusaidia, mpe kisu kabisa 😂