Muulize Mama Steshenari: Kikasha cheupe, Gmail bado imejaa

Mama Steshenari, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, na sasa ni katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Gmail yangu inasema nafasi imejaa, na mjumbe mmoja ameniambia muhtasari alionitumia umemrudia. Nimekesha na simu nikitelezesha barua moja moja kwenda kwenye kumbukumbu. Kikasha sasa ni cheupe, lakini bado naambiwa nimetumia GB 15 kati ya 15. Sitaki kupoteza mihtasari ya chama, ipo humo tangu 2011. Nifanyeje?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo mwalimu. Pole kwa kukesha. Kitufe ulichokuwa ukibonyeza hakifanyi kazi unayoidhania. Kuweka barua kwenye kumbukumbu ni kuhamisha gunia kutoka sebuleni kwenda stoo: sebule inapendeza, ila gunia bado limo nyumbani. Barua zimetoka kikashani tu, na zinahesabiwa kama zamani.

Kabla hujafuta hata moja, mjue kwanza aliyejaza. Gmail ilipoanza mwaka 2004 ilitoa GB 1, ya barua peke yake. Leo ni GB 15, lakini barua zinagawana na Drive, yaani hifadhi ya faili ya Google, pamoja na Google Photos. Picha zilizopunguzwa ubora zilikuwa hazihesabiwi, mpaka Juni 1, 2021, ambapo zile zilizopakiwa kuanzia siku hiyo zilianza kuhesabiwa. Na tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zimeingizwa humohumo. Wateja wangu wengi hapa dukani huja wakizilaumu barua. Nikiwafungulia one.google.com/storage, nakuta barua hazifiki hata robo. Kilichobaki ni video za harusi na za asubuhi njema kutoka magrupu ya WhatsApp. Kama na kwako ni hivyo, ingia WhatsApp, Mipangilio, Soga, nenda kwenye nakala ya soga, ondoa video, kisha itengeneze nakala mpya. Huenda usihitaji kugusa barua hata moja.

Ikiwa kweli ni barua, basi usianze na za zamani, anza na nzito. Barua ya maneno matupu haina uzito wowote wa kukusumbua; unaweza kufuta mamia usione tofauti. Uzito uko kwenye viambatisho, na kwa katibu kama wewe najua ni vipi: mihtasari iliyosainiwa, ikapigwa skani kwa rangi, kurasa kumi na zaidi. Tena faili ikipanda kwenye barua huongezeka karibu theluthi, kwa sababu hugeuzwa kuwa herufi ili iweze kusafiri. Skani ya MB 9 hukaa mle kama MB 12. Na ukiisambaza tena kwa mjumbe aliyedai hakuiona (yupo kila chama), hiyo ni nakala nyingine kwenye Zilizotumwa. Watu hufagia kikasha, Zilizotumwa hawaingii kamwe.

Kaa kwenye kompyuta, simu uiache. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika larger:10M, bila kuacha nafasi. Zitakuja zote zinazozidi MB 10, ulizopokea na ulizotuma. Ukimaliza hizo, andika larger:5M. Pakua kila muhtasari unaoutaka, uupe jina lenye tarehe, mwaka ukitangulia, mfano 2014-03-22 muhtasari mkutano mkuu, ili zijipange zenyewe kwenye folda. Kisha nakili folda nzima kwenye flashi mbili: moja yako, moja kwa mwenyekiti. Flashi moja haitoshi, naziona zikifa hapa kila wiki. Zichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili kadhaa, uhakikishe zinasomeka.

Hapo ndipo ufute. Gmail haikuruhusu kutoa kiambatisho ukabakiza barua. Vyote huondoka pamoja. Kama maneno ya barua yenyewe yana maana, labda mjumbe ameridhia mkopo kwa maandishi, ichapishe kama PDF kwanza. Na ukishafuta, ingia kwenye Tupio uliondoe lote, maana barua hukaa mle siku 30 na muda wote huo zinakula nafasi yako.

Matangazo ni kazi nyepesi. Andika category:promotions older_than:1y, weka tiki kwenye kisanduku cha juu, zitachaguliwa 50 za ukurasa huo, halafu juu yake utaona mstari unaokuuliza kama unataka kuchagua zote zinazolingana. Pitisha macho kabla ya kukubali, tiketi za safari wakati mwingine hujificha huko.

Usiliache jambo hili likae, mwalimu. Akaunti ikizidi kiwango kwa miaka 2 mfululizo, Google wamesema wanaweza kufuta vilivyomo.

Nauza vitambaa, na ankara zote za wasambazaji huja kwa barua pepe. Nifute za lini? Au nilipie tu nafasi zaidi niishi kwa amani?
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Dada, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 ya huko kwenu inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Kwetu Tanzania pia ni 5. Kama una mvutano wowote na watu wa kodi, usiguse kitu mpaka uishe. Zipe ankara lebo kwa mwaka, KODI 2023, KODI 2024. Lebo haili nafasi.

Kulipia si vibaya kama biashara inaingiza. Ila ukiacha kulipa unarudi kwenye GB 15 na mzigo uleule, kwa hiyo fagia kwanza, lipa baadaye.

Nimeagiza nakala ya barua zangu zote kupitia takeout.google.com. Nimepata zip, na ndani kuna faili moja kubwa ya .mbox. Simu haiifungui, na Word inaleta maandishi ya ajabu. Bando langu limeliwa bure?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Halijaliwa, mdogo wangu. Hiyo .mbox ni barua zako zote zilizounganishwa kuwa faili moja. Weka Thunderbird kwenye kompyuta, ni programu ya barua pepe ya bure, uongezee na kijalizo chake kiitwacho ImportExportTools NG, kisha uingize faili kwenye folda za ndani ya kompyuta. Barua zitajipanga kama ulivyozizoea, na utazitafuta bila intaneti.

Safari nyingine zipe lebo zile unazozitaka tu, halafu kwenye Takeout uchague lebo hiyo peke yake, bando litakushukuru. Zip yenyewe ihamishie mahali salama sasa hivi, kwa sababu kiungo walichokutumia hufa baada ya takriban wiki moja. Na ile Word ifunge bila kukubali kuhifadhi mabadiliko, isije ikakuharibia faili.