Barua kwa mwanangu: Mjomba wako na jiko

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umkataze Mjomba wako kugusa jiko, kwa kuwa wiki hii ameangusha sufuria mara mbili na vidole vyake havijui tena kama vimeshika kitu au hewa. Nimekaa na swali lako siku tatu. Kila nikianza kulijibu, najikuta nimerudi kwenye beseni.

Unalikumbuka lile beseni, ingawa ulikuwa bado shuleni. Mjomba alilalamika miguu yake ni baridi kama mawe, nikampashia maji. Akatumbukiza miguu, akasema, "Dada, haya hayana hata uvuguvugu, ongeza." Nikaongeza. Akasema ongeza tena, nikaongeza tena, huku tukizungumza na kucheka, na mimi sikutia hata kidole kimoja kwenye maji yale. Jioni alipovua soksi, ngozi ya kisigino ilitoka nayo. Hakushtuka. Alinitazama ninavyolia, akauliza, "Kwani kuna nini?"

Ndiyo maana sichoki kukuambia: jicho lifanye kazi ya ngozi. Kisukari kimeharibu neva zake, yaani mishipa ya fahamu, na zinazofika vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, hivyo huanza kufa hizo. Ganzi hupanda taratibu kama soksi, na ikikaribia magoti ndipo mikono nayo huanza. Ukiona mikono inaangusha sufuria, jua miguu ilishatangulia kitambo. Wewe unatazama jiko, mimi natazama nyayo. Kila jioni zikague, mpaka katikati ya vidole. Maji yake yapime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake. Tia mkono ndani ya kiatu kabla hajavaa, maana anaweza kutembea na kokoto siku nzima. Usiku mwachie taa, kwa sababu gizani miguu haimwambii sakafu iko wapi. Na ukikuta kidonda kisichomuuma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Uliwahi kuniuliza vipi mtu mwenye ganzi alie kwamba shuka linamuunguza. Usimtilie shaka hata siku moja. Neva iliyoharibika huacha kupeleka habari za kweli, ikaanza kupeleka za uongo, na usiku ndio huzidi. Vidonge vya kawaida vya maumivu havimsaidii sana. Zipo dawa za neva, kama amitriptilini, aongee na daktari wake. Aulize pia kuhusu vitamini B12, ambayo neva huihitaji, maana ametumia metformini, ile dawa yake ya kisukari, miaka mingi, nayo inaweza kuipunguza vitamini hiyo mwilini.

Je, nilikosea kwa lile beseni? Nilimwamini, na yeye ndiye mwenye miguu. Lakini miguu yenyewe ilikuwa imeshaacha kumwambia ukweli, na daktari alikuwa ametuonya. Basi nilikosea. Halafu nikakosea kwa upande wa pili, na hili sijawahi kukuambia. Baada ya kuungua kule nilimpokonya kila kitu. Asubuhi moja nilimkuta kitandani anahangaika na shati, kifungo kimoja kimeingia tundu lisilo lake. Nikakifungua, nikamfunga vyote saba harakaharaka, kama mtoto anayechelewa shule. Hakusema neno. Tangu siku ile hakuvaa tena shati la vifungo. Ulishangaa kumwona harusini kwako amevaa fulana ndani ya koti. Sasa unajua.

Kuhusu jiko, jibu ninalo, na limenifika hapa kooni. Lakini nyumba ni yako na mikono ni yake, nami nimeshamwamulia mengi. Muulize mwenyewe. Kaa chini kwanza ndipo umuulize, usimsimamie na sufuria mkononi. Akisema bado anataka kupika, mtafutie sufuria nyepesi yenye mishikio miwili mipana, ukae naye. Jicho lako, mwanangu, lifanye kazi ya ngozi yake.

Na leo kabla hajalala, mtazame kisigino cha kushoto. Ndicho kile kilichoungua.

Mama yako