Jengo la ghorofa Mwembetanga: wazee wanaogopa, vijana wanalitaka

SWALI: Sisi ni wakaazi wa Mwembetanga, mtaa wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe. Nyumba yetu ya urithi ni ya chini, na jirani zetu wawili wamekwisha kukubaliana na mjenzi anayetaka kuunganisha viwanja vyetu vitatu ainue jengo la ghorofa sita, nasi kila familia ipewe fleti zake. Wazee wetu wanapinga. Wanasema watu watazidi na mtaa utakuwa kama Michenzani, kwenye yale majumba marefu ya ghorofa. Vijana wanasema mji umekwisha kuhamia huku. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya wazee wenu ni ya haki, lakini naona wameielekeza kwenye idadi ya watu, na idadi siyo iliyoharibu mitaa yetu. Ng'ambo haikuwahi kuwa na watu wachache. Tangu enzi ile ambapo Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari uliotutenga na Mji Mkongwe, ilikuwa bado na maji, kabla ya kufukiwa, watu wa upande huu waliishi nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta, na mtaa ukakalika kwa sababu kila nyumba ilikuwa na baraza mbele, ua nyuma, na uchochoro uliompitisha jirani bila kumzungusha.

Michenzani ilikuja na fikra nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilikusudia kumpa mwananchi wa kawaida nyumba ya kisasa yenye maji na umeme, na hilo ni jambo ambalo mimi siwezi kulibeza hata leo. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na Hubert Scholz wa Ujerumani ya Mashariki, ulifuatwa na majumba kumi yaliyopangwa kando ya barabara mbili zinazokatana, kila moja likinyooka kwa mamia ya mita. Kosa lake liko katika urefu huo usio na upenyo, na katika kumpandisha mtu juu bila kumwachia mahali pa kukaa na jirani yake. Tazama jinsi watu walivyolirekebisha wenyewe: wakafungua maduka chini, wakaweka maskani, yaani vijiwe vya kukaa na kuzungumza, na ile ya Kisonge ikajulikana nchi nzima. Baraza ambayo mchoro uliisahau, wakaazi waliirudisha.

Vijana nao wanasema kweli. Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioandaliwa miaka ya 2010 na idara ya mipango miji kwa ushirikiano na Jiji la Amsterdam, uliitambua Ng'ambo kuwa kitovu cha mji. Kwa hiyo watu wataongezeka, na kinachobaki mikononi mwenu ni umbo la jengo.

Chukua kiwanja cha mita za mraba 600. Mjenzi akikifunika chote kwa ghorofa mbili, anapata mita 1,200 za sakafu. Akifunika nusu yake kwa ghorofa nne, anapata mita 1,200 zile zile, ila safari hii mita 300 za ardhi zimebaki wazi kwa ua, mti na hewa. Kwa hiyo ghorofa sita peke yake hazinitishi. Muulizeni ni sehemu gani ya ardhi itabaki wazi, na kama kila fleti ina madirisha pande mbili, ili pepo za kaskazi na kusi zipite ndani. Fleti yenye dirisha upande mmoja, katika joto letu la Februari, ni tanuri. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huchoma zaidi kuta za mashariki na magharibi, na upenu hauwezi kulizuia.

Kisha ombeni mchoro wa ghorofa ya chini kabla ya picha zile nzuri za rangi. Ikiwa mbele ya mtaa pamechorwa ukuta mtupu na maegesho ya magari, msisaini mpaka pawekwe milango, maduka madogo na baraza yenye kivuli.

Kuhusu mkataba, Zanzibar ina sheria ya mwaka 2010 ya umiliki wa fleti katika jengo moja, ambayo inatenganisha fleti ya mtu na mali ya wote, yaani ngazi, paa, tangi na pampu. Mpelekeeni wakili rasimu, na hakikisheni imeandikwa nani atachangia pampu na kiasi gani, kwani jengo la ghorofa huanza kuchakaa siku ile maji yanapokoma kufika juu. Na kwa kuwa nyumba ni ya urithi, warithi wote wasaini, wakiwemo walio nje ya Unguja. Wazee watajiwe kwa majina fleti zao za chini ndani ya mkataba huo huo, zenye mlango unaofunguka barazani.